Kebo ya laini ya E1: kuchagua na kukrimpu bila kubahatisha

Kazi ya E1 (laini ya kidijitali inayobeba simu 30 kwa pamoja) ina mtego mmoja: taa ya kijani huwaka hata kama kebo ni mbovu. Unafunga vifaa vyako kwenye begi, unasainiwa karatasi, unaondoka. Kesho yake usiku mteja anapiga: "Fundi, simu zinakwaruza." Mwongozo huu ni wa kebo inayotoka kwenye kisanduku cha mtoa huduma hadi kwenye PABX (mtambo wa kugawa simu za ndani) ya ofisi, hoteli au benki.

Kwa ufupi kabla ya koleo: E1 hubeba 2.048 Mbps, zimegawanywa nafasi 32 za 64 kbps kila moja. Nafasi ya 0 ni ya mpangilio, ya 16 hubeba taarifa za kupiga na kukata simu, na 30 zilizobaki ndizo simu zenyewe. Huku kwetu Afrika Mashariki tunatumia E1. Marekani na Canada wanatumia T1 yenye chaneli 24. Kadi ya PABX iliyoagizwa kutoka huko yaweza kuwa imewekwa T1, kwa hiyo angalia jampa au mpangilio wa programu mapema, usije ukailaumu kebo bure.

Hatua ya 1: Tazama mdomo wa kisanduku kabla hujanunua chochote

Ukikuta tundu mbili za mviringo za BNC, hiyo ni omu 75. Inataka kebo mbili za koaksia, moja ya kupeleka na moja ya kupokea. Ukikuta tundu moja la RJ45, hiyo ni omu 120, inataka jozi mbili za waya zilizosokotwa.

Ikiwa upande mmoja ni BNC na mwingine ni RJ45, usikate koaksia ukaiunganisha na waya za mtandao kwa mkono. Nunua baluni (si lile puto la sherehe), kidude kidogo chenye transfoma ndani kinachopatanisha omu 75 na 120.

Kwenye koaksia soma maandishi ya ganda. RG59 na RG6 ni omu 75. RG58 ni omu 50, ni ya redio na antena, na plagi yake ya BNC huingia vizuri tu kwenye tundu la E1. Muuzaji wa Kariakoo atakuambia "zote ni sawa, bosi". Si sawa.

Kwa upande wa RJ45, kebo ya kawaida ya Cat5e ina omu 100, si 120. Ndani ya raki moja, mita mbili tatu, haina neno. Ukivuta kutoka ghorofa hadi ghorofa, tafuta kebo ya omu 120 yenye ngao.

Hatua ya 2: Jua nani anasema na nani anasikiliza

Kati ya pini nane, E1 inatumia nne tu. Upande wa PABX husikiliza kwenye pini 1 na 2, husema kwenye 4 na 5. Kisanduku cha mtoa huduma hufanya kinyume chake. Kwa hiyo kati ya hivyo viwili kebo ni ya moja kwa moja: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 4 kwa 4, 5 kwa 5.

Ukiunganisha PABX na PABX, wote wawili watasema kwenye pini zilezile na hakuna atakayesikia. Hapo unahitaji krosi: 1 kwenda 4, 2 kwenda 5, na kinyume chake. Hapa ndipo mafundi wa mtandao wa kompyuta wanapoteleza. Krosi ya mtandao hubadilisha 1 na 3, 2 na 6. Ukiichomeka kwenye E1 utapata giza tupu.

Waya mbili za jozi moja zikigeuzwa zenyewe kwa zenyewe, 1 ikawa 2, E1 kwa kawaida haijali. Kuchanganya jozi ndiko kunakoleta balaa.

Hatua ya 3: Krimpu (bana plagi kwenye waya) kwa jozi, si kwa uzuri wa rangi

Ufuate mpangilio huu kuanzia pini 1: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia pini 4 na 5: ni jozi moja, ya bluu.

Sasa kisa changu. Hoteli moja, kebo ya mita kama 60 kutoka mapokezi hadi chumba cha mitambo, ikipita ubavuni mwa waya za umeme wa lifti. Nilikuwa na haraka, nikazipanga rangi kwa zamu: chungwa zote mbili, kijani zote mbili, bluu zote mbili, kahawia zote mbili, pande zote sawasawa. Testa ikahesabu moja hadi nane bila kuruka. Taa ya kijani. Nikaondoka.

Malalamiko yalikuwa ya ajabu. Dada wa mapokezi aliwasikia wageni vizuri kabisa, ila wageni wa nje walimsikia akikwaruza, hasa jioni. Kaunta ya CRC (inayohesabu makosa katika kile PABX inachopokea) ilisoma sifuri. Nilichokuwa nimefanya ni kuweka kijani kwenye pini 4 na nyeupe-bluu kwenye pini 5: waya mbili za jozi tofauti. Msokoto wa jozi ndio unaofuta kelele za nje, na mimi nilikuwa nimeuvunja upande wa kupeleka tu. Kila lifti ilipopanda na wageni wa jioni, sauti ya kutoka hotelini ilichafuliwa.

Testa ya taa haioni kosa hilo, kwa sababu inauliza tu kama waya umefika. Ukiwa kwenye PABX yenye CRC4 (ukaguzi wa makosa wa E1), tazama kaunta ya E-bit. Hiyo ndiyo sauti ya upande wa pili ikikuambia "mimi napokea makosa." Ikipanda huku CRC yako iko sifuri, tatizo liko kwenye jozi yako ya kupeleka.

Hatua ya 4: Lebo za DDF usiziamini

Kwenye fremu ya DDF (pale kebo za kidijitali zinapounganishwa) au kwenye Krone (kibao cha kubana waya) utakuta "TX" (kupeleka) na "RX" (kupokea). TX ya nani? Aliyeandika anaweza kuwa wa mtoa huduma au fundi aliyekutangulia. Ukipata alamu ya LOS (hakuna mawimbi yanayoingia), badilisha jozi mbili hizo kwanza kabla ya kupiga simu kwa mtu. Kwenye Krone tumia kisu chake. Bisibisi hulegeza meno, na jozi italegea miezi mitatu baadaye.

Hatua ya 5: Luupu (kurudisha kinachopelekwa kiingie upande wa kupokea)

Tengeneza plagi ndogo ya RJ45 yenye waya mbili fupi: pini 1 kwenda 4, pini 2 kwenda 5. Chomeka kwenye PABX yenyewe. LOS ikiondoka, tundu ni zima. Sasa chomoa kebo upande wa mtoa huduma na uweke luupu mwishoni mwa kebo kwa kiunganishi cha kike. LOS ikirudi, kebo ndiyo mwizi. Usishangae mawasiliano ya nafasi ya 16 yakigoma wakati wa luupu. PABX inajisikia yenyewe.

LOS ikiondoka lakini AIS (alamu ya hitilafu iliyo mbele zaidi kwenye laini) ikabaki baada ya kurudisha laini, kebo yako inafikisha umeme. Tatizo liko nyuma ya kisanduku, mpigie mtoa huduma. Alamu ya RAI maana yake upande wa pili haukusikii, angalia pini 4 na 5. Kaunta ya slip (fremu zilizorukwa au kurudiwa) ikipanda kwa mwendo uleule, hiyo ni saa (mapigo yanayolinganisha mitambo miwili) wala si kebo: PABX inatakiwa ichukue saa kutoka kwenye laini. Kwenye DAHDI (programu ya kuendesha kadi za simu kwenye Linux) mstari huwa hivi:

span=1,1,0,ccs,hdb3,crc4

Namba 1 ya pili ndiyo inayosema saa itoke kwenye laini. Ikiwa 0, PABX haitaitumia laini hiyo kama chanzo cha saa.

Ukimaliza, acha kaunta zote zikiwa sifuri, subiri hadi jioni ikiwezekana, kisha zisome tena. Ile plagi ya luupu usiondoke nayo. Ifunge kwa kamba ndani ya raki, fundi ajaye ataikuta.