Somo: Kujenga tela dogo la vifaa vya kambi kwa safari ya Ruaha

Gari likishajaa hema, magodoro, jiko na madumu ya maji, watoto hukaa wamekunja miguu hadi Iringa. Kurundika vitu vyote kwenye keria si dawa, maana uzito ukiwa juu gari hulala kwenye kona. Tela dogo linamaliza shida zote mbili, na fundi mzuri wa kuchomelea analiweza. Hapa nazungumzia tela la kuvutwa na Prado, Hilux au gari la ukubwa huo. Uzito wake wote, pamoja na mzigo, usizidi kilo 500. Tela hili halina breki zake, kwa hiyo kikomo hicho msikivuke.

Kabla ya kununua chuma, fika TRA, mamlaka ya mapato (Kenya ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), uulize wanataka nyaraka gani ili tela lisajiliwe na kupewa namba. Risiti za bomba na ekseli zitunze tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Fremu

Kitanda cha mita 2 kwa 1.2 kinatosha familia. Tumia bomba la mstatili la milimita 75 kwa 50, unene milimita 3. Bomba hilo lina kama kilo 5.5 kwa mita, kwa hiyo fundi akisema "tuongeze kipande hapa", muulize kinabeba nini.

Mkono wa kuvutia uwe na umbo la A, na miguu yake ipite chini ya kitanda, isiishie kwenye ukingo wa mbele. Ikiishia pale ukingoni, mtikisiko wote unabebwa na weldi chache, na hapo ndipo tela hukatikia. Kutoka kitandani hadi kichwa cha kuungia, yaani ncha inayoshikana na gari, iwe mita 1.4.

Sakafuni wengi hukimbilia bati la maua (chuma chenye nakshi za kuzuia utelezi) la milimita 3. Kwa kitanda hiki hizo ni zaidi ya kilo 55 za chuma kabla hujapakia hata sufuria. Plaiwudi ya kuzuia maji ya milimita 12 ni kama kilo 20 tu, na inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta kitovu cha uzito KABLA ya kuchomelea ekseli

Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke. Fundi atataka kuweka ekseli katikati ya kitanda kwa sababu inapendeza machoni. Kataa. Uzito ukiwa mwingi nyuma ya ekseli, kichwa cha tela kinanyanyua mkia wa gari, matairi ya nyuma yanapoteza mshiko, na ukifika mwendo wa 80 tela linaanza kuchapa kushoto na kulia. Hapo dereva hana muda wa kujifunza.

Fanya hivi: fremu ikiwa na boksi lake la kufungia vifaa, ipakie vifaa vyote kama siku ya safari, maji yakiwemo. Laza bomba la duara chini yake, kwa upana, na msaidiane watu wanne kulisogeza mpaka fremu isimame kama pembea iliyotulia. Weka alama. Hicho ndicho kitovu. Tuseme kiko mita 2.4 kutoka kichwa cha kuungia: ekseli ikae sentimita 35 nyuma yake. Kwa fremu na mzigo wa kilo 400, kichwa kitabonyeza gari kwa karibu kilo 50, yaani kidogo zaidi ya asilimia 10 ya uzito wote ukijumlisha na ekseli. Lengo ni asilimia 10 hadi 15. Hakikisha kwa kuninginiza kichwa kwenye ile mizani ya ndoano ya wauza mazao.

Hatua ya 3: Ekseli, springi, magurudumu

Chagua magurudumu ya saizi moja na ya gari, yenye nati sita kama Prado, ili spea moja ihudumie pande zote. Springi za Hilux ukizifunga zilivyo, tela litarukaruka na kuponda mayai yote. Punguza vyuma vyake, ubakize kile kikuu na viwili vya chini yake, kisha ujaribu tela likiwa na mzigo.

Kabla ya weldi ya mwisho, pima kutoka kichwa cha kuungia hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo visipolingana tela litakwenda upande na kula matairi.

Hatua ya 4: Minyororo na taa

Minyororo miwili ipishane kama X chini ya mkono, ili kichwa kikichomoka kidakwe kisichimbe lami. Kwenye plagi ya pini saba, mpangilio uliozoeleka ni njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ethi (waya wa kurudishia umeme). Usitegemee chuma cha tela kuwa ethi; vuta waya wake. Bandika reflekta nyuma na ubavuni.

Hatua ya 5: Vumbi

Gari na tela vikikimbia, hewa ya nyuma hunyonya vumbi kuingia kwenye boksi. Ziba milango kwa mpira, kisha toboa tundu juu, upande wa mbele, ulifunike kwa sponji. Upepo unaoingia hapo unasukuma vumbi litoke. Mtungi wa gesi ufungwe wima, nje ya boksi.

Siku ya majaribio, simama baada ya nusu saa uguse habu, pale katikati ya gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, beringi imebanwa mno. Beba beringi za akiba na kopo la grisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nina Probox. Nitaweza?
Anza na kitabu cha gari, maana magari mengine hayaruhusiwi kuvuta kabisa. Likiruhusiwa, jenga dogo zaidi, mzigo na tela visizidi kilo 250.

Kaka, kurudi nyuma kunanitesa. Nageuza kulia, linakwenda kushoto.
Dada, shika usukani kwa chini. Unakotaka tela liende, mkono uende huko huko. Geuza kidogo kidogo, na likianza kujikunja nenda mbele unyooke. Jizoeze kwenye uwanja mtupu.

Mlima Kitonga wa barabara ya Iringa je, wakati wa kushuka?
Ingia gia ndogo juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, injini ikushikilie. Breki gusa na kuachia. Ukizikanyaga mfululizo zitachemka, na tela linasukuma.

Na likianza kuyumba?
Achia mafuta, shika usukani unyooke, usipambane nalo wala usikanyage breki ghafla. Mwendo ukishuka litatulia. Kisha simama pembeni na usogeze madumu ya maji mbele ya ekseli.