Kuondoa kutu kwenye bodi ya gari la zamani ukiwa nyumbani

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea Corolla AE100 nyeupe, ya miaka ya tisini, ambayo ameitunza vizuri sana. Juu ya tairi la nyuma kulikuwa na kivimbe cha ukubwa wa sarafu. "Fundi, ni kitu kidogo tu, nipakie rangi," akasema. Nikamwomba, "Mama, niruhusu nikidonoe kwanza." Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, na likamwagika vumbi jekundu pamoja na mchanga mkavu. Chini ya rangi ile hakukuwa na bati tena. Kulikuwa na puti, ile rojo ya kujazia bodi inayokauka ikawa ngumu, na nyuma ya puti fundi wa zamani alikuwa amejaza kipande cha gunia.

Kazi hiyo nimeifanya uani kwangu hapa Tanga. Nitaieleza yote, maana mtu mwenye subira na vifaa vichache anaweza kuifanya nyumbani kwake.

Kwanza uelewe unapambana na nini. Kutu inahitaji chuma, maji na hewa, na chumvi huiharakisha sana. Nayo kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huvimba. Kwa hiyo ukiona kivimbe nje, mara nyingi ndani imeshakula muda mrefu. Magari yetu mengi yalitumika Japani kabla ya kuja huku, na yale yaliyotoka Hokkaido na sehemu nyingine za theluji yaliendeshwa kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Upepo wa bahari huku Pwani unamalizia kazi iliyoanza kule.

Hatua ya kwanza: tafuta mwisho wa kutu

Osha gari, hasa chini na ndani ya matao ya matairi, uache likauke. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, uipitishe polepole. Ikinata vizuri pana bati. Ikiteleza, hapo pamejazwa puti. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti butu. Weka alama kwa chaki.

Usiogope kudonoa. Pahali panapotoboka kwa bisibisi pangetoboka penyewe baada ya masika mawili.

Hapa pana mpaka ambao naomba uuheshimu. Corolla na magari madogo mengi hayana chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari. Ukikuta kutu imetoboa kizingiti chini ya milango, sehemu inayoshika springi na shokapu, au pale mkanda wa usalama unapofungwa, hiyo si kazi ya uani. Mpelekee fundi mwenye vifaa kamili. Maisha ya watu yamefungwa kwenye bati hilo.

Hatua ya pili: vua, linda, kata

Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kuchomelea chochote. Toa zulia, taa na plastiki zilizo karibu, na ujue tangi la mafuta na mabomba yake yako wapi. Kwenye gari hili yako karibu mno na tairi la nyuma. Weka ndoo ya maji na mchanga, na mtu wa pili akae ndani ya gari kuangalia moshi. Vaa miwani ya kinga, glovu na barakoa.

Chubua rangi kwa brashi ya waya ya kwenye grinda mpaka uone chuma cheupe kuzunguka kidonda chote. Mstari wa kukata uwe sentimita mbili au tatu ndani ya bati zima, wala usikate kwenye ukingo wa tundu lenyewe, kwa sababu bati la pale limekonda na litayeyuka ukilichomelea. Kata umbo rahisi na uviringishe pembe.

Sasa chungulia ndani. Kwenye ile Corolla nilitoa mchanga, majani ya mwarobaini na lile gunia, ambalo lilikuwa bado na unyevu ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Safisha bati la ndani kwa brashi. Kutu ndogo iliyobaki kwenye vishimo, ambayo mkono haufiki, ipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki mpaka igeuke nyeusi, ufuate maelezo ya kopo, kisha ufute mabaki yote ya asidi. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushika bati, haishiki vizuri juu yake.

Hatua ya tatu: kiraka

Nawaomba sana, acheni bati la kuezekea. Geji 28 ni nyembamba mno kwa bodi, na zinki iliyopakwa juu yake ikiungua hutoa moshi unaompa mtu homa na kutetemeka usiku. Nunua bati jeusi, lisilopakwa zinki, la geji 20, karibu milimita 0.9. Ukipata mlango uliotupwa wa gari la aina hiyohiyo, kata kiraka humo.

Pima kwa kadibodi kwanza. Bandika kadibodi kwenye tundu, sugua ukingo kwa kidole mpaka mchoro utokee, kata, uhamishie kwenye bati. Likunje taratibu juu ya bomba kwa nyundo ya mpira ili lifuate mviringo wa tairi. Kiraka kikae ndani ya tundu, ukingo kwa ukingo, na mwanya mwembamba kuzunguka. Wengi hukilaza juu ya bati la zamani kwa sababu ni rahisi, lakini pale mabati mawili yanapolaliana ndipo maji yanapojificha.

Kuchomelea tumia mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6. Ile ya vijiti itakutobolea bati la bodi. Huna MIG? Tayarisha kila kitu mwenyewe, halafu mwite fundi wa kuchomelea kwa nusu saa. Hupunguzi heshima ya kazi yako. Mwambie apige nukta, si mstari: nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, na asubiri mpaka bati lipoe kiasi cha kuguswa kwa mkono kabla ya kuendelea. Bati jembamba likipata moto mwingi hujikunja, na kulinyoosha tena ni kazi kuliko kiraka chenyewe. Nukta zikishakutana zote, saga kwa upole na diski ya msasa ya 80.

Hatua ya nne: praima siku hiyohiyo

Huku Pwani bati tupu halilali usiku mmoja. Ukiliacha, asubuhi utalikuta na rangi ya chai. Futa kwa thina safi na kitambaa kisicho na nyuzi, kisha paka praima ya epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa. Mimi naipaka kwa brashi, makoti mawili, nje na ndani kila pahali ninapofika. Nyuma ya kiungo pitisha silanti ya bodi, ile ya kuziba maungio. Silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki isiguse gari: asidi yake inaanzisha kutu, na rangi haishiki juu yake.

Hatua ya tano: puti kidogo

Puti ni ya kulainisha, haizibi tundu. Ikizidi milimita tatu, rudi ukanyooshe bati. Kwaruza epoksi kwa msasa, kisha changanya gramu 2 hivi za hadina, yaani dawa ya kukazia, kwa kila gramu 100 za puti mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Hadina ikizidi, baada ya miezi doa la njano litajitokeza kwenye rangi mpya. Kwa joto la hapa una dakika chache tu, kwa hiyo changanya kiasi cha kiganja.

Piga msasa 80, halafu 180, halafu 240, ukiufunga kwenye kipande cha mbao. Ukisugua kwa vidole utaacha mabonde ambayo jua la saa kumi litayaonyesha yote. Na piga mkavu. Najua gereji nyingi humwaga maji juu ya puti ili vumbi lisiruke, lakini puti hunywa maji kama sifongo, na ukiifunika kwa rangi unakuwa umefungia maji juu ya bati lako jipya. Puti ikishalainika, paka praima ya kujazia juu yake. Hiyo ndiyo upige msasa wa maji, wa 400 kisha 600.

Hatua ya sita: rangi

Namba ya rangi iko kwenye kibao cha chuma ndani ya boneti. Gari hili ni 040, nyeupe isiyo na chembe za metaliki, na huunganika na ya zamani kirahisi kuliko silva. Ziba kwa tepu ya karatasi mpaka kwenye mkunjo wa bodi, mshono utajificha hapo. Puliza makoti matatu membamba, umbali wa sentimita 20 hivi, ukingoja dakika kumi hadi kumi na tano kati yake.

Chagua siku kavu, uanze saa tatu au saa nne asubuhi umande ukishaondoka. Unyevu ukiingia, rangi ya NC, ile isiyochanganywa na hadina, hufifia, haing'ai. Rangi nyingi za 2K, yaani zinazochanganywa na hadina, zina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haiizuii. Nyumbani usizipulize.

Hatua ya saba: ndani

Hii ndiyo huachwa. Rangi ikikauka, puliza nta ya bodi kwa mrija mwembamba ndani ya tao, chini ya milango na kila uvungu. Oili chafu ya injini, ambayo wazee walitufundisha, huozesha mpira wa milango na hudondoka yote ndani ya wiki chache.

Kisha zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa waya laini. Mimina kikombe cha maji kwenye mpira wa kioo huku umechuchumaa ukiangalia chini. Mlango wa kushoto wa ile Corolla haukutoa hata tone. Nilipochokoa, maji meusi yalitoka kwa dakika nzima, na yule mama akaniambia kimya kimya, "Basi na huu tuufungue."