Kifundo kilichoteguka: namna ya kukirudisha kazini hatua kwa hatua

Wengi wanaoingia kwangu wakichechemea huwa wameshakandwa. Nanusa mafuta ya karafuu kabla hawajakaa. Mguu umefura kama andazi lililozidi hamira, na mwenyewe anasema, "Jana jioni haukuwa hivi." Namwamini. Haukuwa hivi mpaka ulipokandwa.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mombasa, na kifundo cha mguu kinanilisha vizuri. Mji wenyewe unategua watu: ngazi za Mji wa Kale zinazopandwa gizani, mteremko wa Likoni ambako kila mtu anakimbilia feri isimwache, matatu zisizosimama bali hupunguza mwendo tu, na mpira wa ufukweni jioni maji yakishapwa. Hapa chini ni hatua ninazowapa watu wangu, kwa mpangilio uleule. Zinamhusu mtu mzima. Mtoto mdogo mpeleke hospitali, usimpime mwenyewe.

Kwanza ujue kilichoumia

Mara nyingi wayo hujipinda kwa ndani na uzito wote ukaangukia ukingo wa nje wa mguu. Kinachoumia ni kano, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa nje wa kifundo zipo tatu, na ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa hiyo hutangulia kuchanika. Weka kidole mbele kidogo ya ule mfupa uliotokeza nje ya kifundo, chini yake, penye kishimo laini. Hapo ndipo watu wengi huruka wakiguswa.

Mna jambo jingine ndani ya kano hizo ambalo watu hawaambiwi: vijineva vinavyouarifu ubongo mguu umekaaje, hata ukiwa gizani na huutazami. Kano ikichanika, habari hizo nazo huvurugika. Uvimbe utashuka, maumivu yataisha, na kifundo bado kitakuwa hakijui kilipo.

Hatua ya 1: Hakikisha si mfupa

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa vipimo vya kuamua nani anahitaji eksrei ya kifundo, na hadi leo tunavitumia kila siku. Unaweza kuvifanya ukiwa umekaa barazani.

Bonyeza ncha ya mfupa wa nje wa kifundo, kisha panda kwa ukingo wake wa nyuma hadi kiasi cha sentimita 6. Fanya vivyo hivyo kwa mfupa wa ndani. Halafu bonyeza kinundu cha mfupa katikati ya ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, na mwisho mfupa ulio juu ya uvungu wa wayo kwa ndani. Ikiwa mfupa wenyewe unauma, wala si nyama ya kando yake, nenda ukapigwe eksrei. Na ikiwa hukuweza kutembea hatua nne ulipoumia na bado huziwezi sasa, nenda pia. Kuchechemea kunahesabika kama kutembea.

Usipoteze muda na vipimo hivi kama mguu umekaa upogo, mfupa umetoboa ngozi, vidole vimekuwa baridi au vimekufa ganzi. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Hatua ya 2: Siku tatu za mwanzo, mikono mbali

Usikande, usichue, usiweke maji ya moto, usimruhusu mtu yeyote auvute mguu "urudi mahali pake". Haujatoka mahali pake. Mishipa midogo ya damu imepasuka, na ukikanda unaipasua upya. Najua mkandaji ni jirani, pengine ni bibi yako mzaa baba, na kumkatalia ni taabu. Mwambie fundi amesema siku tatu, halafu tutaona. Kukanda taratibu kuna nafasi yake baadaye.

Barafu inapunguza maumivu, basi. Haiunganishi kano. Ifunge kwa leso, iweke dakika 15, iondoe, rudia baada ya saa mbili ukitaka. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza ile kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua mwaka 1978, miaka mingi baadaye alirudi mwenyewe akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona. Kwa hiyo usiigeuze barafu ibada.

Bendeji ianzie karibu na vidole ipande juu ya kifundo, ikibana bila kukata damu. Vidole vikibadilika rangi, ilegeze. Ukilala, weka mito miwili chini ya mguu ili uwe juu ya usawa wa moyo.

Kisha tembea, kidogo, ndani ya nyumba, tangu siku ya kwanza au ya pili ikiwa unaweza. Ukihitaji mkongojo, ushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Karibu kila mtu huushika upande wa mguu mbovu, akaning'inia juu yake kama mlevi, na kesho yake bega nalo linauma. Mkongojo na mguu mbovu vinatangulia pamoja, mguu mzima unafuata.

Hatua ya 3: Kifundo kianze kusogea

Kuanzia siku ya tatu hivi. Kaa kitini, nyanyua mguu, na uandike herufi hewani kwa kidole gumba. Wazee wangu wa Mji wa Kale huandika alifu mpaka yee, vijana huandika A mpaka Z. Mguu haujali. Goti litulie, kifundo ndicho kifanye kazi.

Halafu kaa chini, miguu umeinyoosha, pitisha leso chini ya wayo karibu na vidole, shika ncha mbili na uvute vidole vije kwako mpaka uhisi shavu la mguu linavutika. Hesabu 30, achia, rudia mara tatu.

Mara ngapi kwa siku? Zamani nilikuwa nasema "mara tano" na hakuna aliyekumbuka. Siku hizi nasema "baada ya kila swala", na mambo yameisha. Wasioswali nawaambia kila wakila au wakinywa chai, ingawa kuna mmoja alilalamika kwamba kwa chai anazokunywa mguu umechoka kabla ya saa nne.

Na kwa kuwa swala imetajwa: kikao cha tahiyatu kinataka mguu wa kushoto ulazwe na kukaliwa. Mkao huo unaivuta ileile kano ya mbele iliyochanika. Kama kifundo chako cha kushoto ndicho kilichoumia, swali kitini wiki za mwanzo. Kibibi mmoja aliniona mkosefu wa adabu nilipomwambia, akaenda kumuuliza imamu wake, akarudi amenisamehe. Ukianza kuweza kukikalia tena bila kujipinda upande, hicho ni kipimo kizuri kuliko vingi nilivyo navyo kliniki.

Hapa watu huniuliza: nikisikia maumivu, niache? Yape maumivu alama, 0 hadi 10. Yakibaki 3 au chini, endelea, huharibu kitu. Maumivu ni kengele, na kengele ya mtu aliyeumia hulia hata paka akipita. Ukikisogeza kifundo salama mara kwa mara, ubongo hupunguza makelele. Lakini angalia asubuhi ya pili. Ukiamka uvimbe umezidi wa jana, ulijitia mno: rudi hatua moja nyuma, usiache kabisa.

Hatua ya 4: Nguvu

Simama ukishika ukuta, nyanyua visigino vyote viwili, shusha polepole kwa kuhesabu tatu. Mara 10, pumzika, hadi mizunguko mitatu. Ukiiona nyepesi, panda kwa miguu miwili ushuke kwa mguu mbovu peke yake. Mwisho panda na kushuka kwa huo mmoja.

Kisha kaa kando ya meza nzito, sukuma ukingo wa nje wa mguu kwenye mguu wa meza kwa hesabu ya 5, mara 10. Kuna misuli upande wa nje wa shavu la mguu ambayo kazi yake ni kuudaka mguu unapotaka kupinduka. Hiyo ndiyo unayoiamsha.

Hatua ya 5: Ile ambayo watu huiruka

Nilipokuwa mwanafunzi niliteguka kifundo cha kulia kwenye ngazi. Wiki mbili maumivu yakaisha, nikarudi mpirani. Nikateguka tena mwezi huohuo. Mara ya tatu sikuwa hata nacheza, nilikuwa natembea na champali njia tupu, nikakanyaga kokoto ndogo kama punje ya mbaazi. Nguvu nilikuwa nazo. Kilichokosekana ni ile habari ya vijineva niliyoitaja mwanzo: mguu ulipinduka, na ubongo ukachelewa kuambiwa.

Fanya hivi. Simama kwa mguu mbovu kando ya ukuta, usiushike, hesabu hadi 30. Linganisha na mguu mzima. Ukiuweza, fumba macho. Hapo ndipo wanaojiona wamepona huanza kupepesuka kwenye hesabu ya nne au ya tano, wakinitazama kana kwamba nimewasukuma. Ukishaweza ukiwa umefumba macho, kunja godoro dogo au mto usimame juu yake. Mwenye ufukwe karibu atumie mchanga, ule mkavu unaotitia, lakini asianze nao.

Dakika tano kila siku, kwa wiki sita angalau. Namna rahisi ni kupiga mswaki kwa mguu mmoja: asubuhi mbovu, usiku mbovu vilevile. Mguu mzima haukuomba msaada.

Hatua ya 6: Kurudi kazini na uwanjani

Kifundo kilichovutika kidogo hurudi kazi nyepesi ndani ya wiki moja hadi tatu. Kilichochanika sana huchukua wiki 6 hadi 12, na kano yenyewe huendelea kujipanga ndani kwa ndani kwa miezi kadhaa. Maumivu yakiwa juu ya kifundo, kati ya mifupa miwili ya muundi, ni jeraha jingine linalochukua muda mrefu zaidi: hilo uje lipimwe.

Kwa hamali wa mkokoteni na kwa mchezaji kipimo changu ni kimoja. Piga magoti uelekee ukuta: mguu mbovu uwe mbele, wayo wote chini, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Sogeza wayo nyuma kidogo kidogo mpaka goti lisifike tena, pima umbali wa kidole gumba na ukuta. Vipimo vya miguu miwili vikikaribiana, vizuri. Kisha ruka kwa mguu mmoja mara 10 mbele, mara 10 kwa upande. Ukitua bila kuogopa na bila kutafuta kitu cha kushika, rudi. Mechi za mwanzo vaa kifungio cha kifundo.

Ikiwa wiki mbili zimepita na bado huwezi kutembea sawasawa, au kifundo kinakwama, au kinapinduka ovyo, tafuta fiziotherapia. Na shavu la mguu likivimba, likipata joto na kuuma baada ya siku nyingi za kulala, usingoje miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda ndani. Kenya ina sheria ya wanafiziotherapia tangu 2014 na anayetibu anatakiwa awe na leseni, basi omba kuiona bila haya. Nina kipimo kingine cha kwangu mwenyewe: akiwa anakufunga kwenye mashine kila ziara na hajawahi kukupa zoezi la kwenda nalo nyumbani, badilisha.

Mwaka jana nilikuwa na makanga mmoja aliyeteguka akiruka matatu ikiwa bado inatembea. Kusimama kwa mguu mmoja alikuwa stadi baada ya wiki nne. Lakini makanga hafanyi kazi akiwa ametulia, kwa hiyo nikamwambia afumbe macho, asimame kwa mguu ule, na aite abiria. "Feri! Feri! Fe—" na akaangukia kitanda changu cha matibabu. Tulirudia kila alipokuja, wagonjwa wa nje wakicheka. Wiki ya saba aliita hadi sekunde 30 zikaisha, akafumbua macho, akaniuliza kama sasa anaweza kuruka. Nikamwambia amwambie dereva asimamishe gari.