Kurekebisha jeti ya sailensi kwenye kabureta ya gari linaloishi Mbeya

Land Rover 109, Peugeot 504 au Volkswagen Beetle iliyokuwa inaunguruma vizuri Dar es Salaam, ikiletwa Mbeya huanza kunuka petroli ikiwa imesimama. Plagi zinajaa masizi meusi makavu, sailensi (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na asubuhi za Juni na Julai gari likishawaka bila choki linatoa moshi mweusi. Mara nyingi kabureta ni nzima, ila imekuja na jeti (vipande vya shaba vyenye tundu linalopima petroli) za pwani. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Kabureta hupima ujazo wa hewa inayopita, haipimi uzito wake, kwa hiyo petroli inazidi kwa asilimia 8 au 9. Njombe, ambako ni juu zaidi, inazidi kuliko hapo.

Namba iliyogongwa kwenye jeti ya kabureta aina ya Weber au Solex ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 50 ni milimita 0.50, 55 ni milimita 0.55. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kinachopitisha petroli ni eneo la tundu. Kutoka 50 kwenda 55 eneo linaongezeka kwa asilimia 21. Ndiyo maana kuzibua jeti kwa waya ni kuiharibu: ukikwangua kidogo tu, jeti ya 50 inakuwa ya 55 huku namba yake ikiendelea kusoma 50, na fundi atakayekuja baadaye atahangaika bure. Jeti iliyoziba loweka kwenye petroli safi, kisha ipulize kwa kompresa.

Usiguse jeti kabla ya kumaliza mambo mengine. Rekebisha valvu, safisha plagi, pima uwazi wa pointi na weka taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche). Kisha tafuta hewa inayopenya: injini ikiwa kwenye sailensi, dondosha maji kidogo kwenye gasketi iliyo chini ya kabureta na kwenye maungio ya manifoldi. Mlio ukibadilika, hapo pana uvujaji. Watu wengine hutumia petroli kwa kazi hii. Tafadhali usifanye hivyo juu ya manifoldi ya moto. Shika pia ekseli ya kipepeo (bati linalofungua na kufunga njia ya hewa), ile inayozunguka ukikanyaga mafuta, uitikise juu na chini. Ikicheza sana na sailensi ikabadilika, hakuna jeti itakayoliponya gari hilo hadi ekseli itengenezwe. Angalia na usawa wa petroli ndani ya kabureta, kwa sababu floti (boya linalodhibiti usawa huo) iliyopanda sana huleta dalili zilezile za jeti kubwa.

Sasa pasha injini moto kikweli. Kuliacha gari likiunguruma uani dakika tano hakutoshi. Toka Mwanjelwa uende hadi Uyole na kurudi, kisha fungua boneti uhakikishe bati la choki limesimama wima.

Zima injini. Legeza skrubu ya mwendo, ile inayosukuma mkono wa kipepeo, hadi iache kugusa kabisa. Irudishe mpaka iguse tu, halafu ongeza nusu mzunguko. Kisha kaza skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, iliyo chini ya kabureta, mpaka ikae, kwa vidole viwili na bila nguvu, maana ncha yake ikipata mkwaruzo wa pete haitarekebishika tena. Ifungue mizunguko miwili. Washa.

Ingiza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, subiri sekunde kumi, ingiza tena robo. Injini itapanda kidogo, itatulia, halafu itaanza kutetemeka na kushuka. Hapo rudisha nje polepole mpaka upate mlio wa juu na laini kuliko yote. Sailensi ikiwa juu sana, shusha kwa skrubu ya mwendo hadi RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 750 au 800 kwa Land Rover, 850 hadi 900 kwa Volkswagen, kisha rudia kutafuta mlio laini. Solex 34 PICT-3 ya Volkswagen ina skrubu mbili ubavuni: kubwa ni ya mwendo na ndogo ni ya mchanganyiko. Kwa kabureta hiyo skrubu ya kipepeo usiitumie kurekebisha sailensi.

Ukimaliza, kaza skrubu ya mchanganyiko mpaka ikae huku ukihesabu. Hesabu hiyo ndiyo jibu unalolitafuta. Kwenye Weber ya kawaida, ikiwa mlio mzuri ulipatikana chini ya robo tatu ya mzunguko, jeti ni kubwa mno. Ikiwa ulipatikana zaidi ya mizunguko miwili na nusu, jeti ni ndogo. Katikati ya hapo, rudisha skrubu ilipokuwa na uache jeti kama ilivyo. (Solex 34 PICT-3 kwa kawaida hukaa karibu na mizunguko miwili na nusu, hivyo isikutishe.)

Kuna hali moja inayowapotosha wengi huku juu. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, kipepeo lazima kifunguke zaidi kidogo ili injini isizime. Kikifunguka kupita kiasi kinafunua matundu ya mpito yaliyo juu yake, petroli inapitia huko, na skrubu ya mchanganyiko inakuwa kama haifanyi kazi: unaikaza yote na injini haizimi. Ikiwa skrubu ya mwendo imeingia zaidi ya mzunguko mmoja na nusu tangu ilipogusa, usihukumu jeti bado. Rudi kwenye taimingi na uvujaji wa hewa.

Kubadilisha ni rahisi kwenye Weber nyingi: jeti iko ubavuni ndani ya kishikio cha shaba chenye mfereji wa bisibisi. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote, na kagua oringi ya kishikio. Kwenye Zenith ya Land Rover lazima kabureta ifunguliwe. Shuka hatua moja tu, 55 kwenda 50. Hatua hiyo inapunguza eneo kwa asilimia 17, zaidi ya kinachodaiwa na mwinuko wa Mbeya, na kilichobaki unakirudisha kwa skrubu. Ukishuka hatua mbili, gari litasita ukianza kuondoka na litatema kupitia kabureta.

Jaribu ukiwa umesimama: fungua mafuta taratibu sana kutoka sailensi hadi RPM 2,000. Ikisita katikati au ikapiga chafya, mchanganyiko ni mwembamba. Ukitumia geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi, usitafute inchi 18 au 20 za vitabu vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari. Mbeya toa kama inchi 5. 14 iliyotulia ni nzuri.

Anayeshuka Kyela mara kwa mara afungue skrubu robo mzunguko akifika, kwa kuwa kule hewa ni nzito. Jeti kuu, ile inayolisha injini gari likiwa mwendoni, ni suala jingine. Ukiipunguza kwa ajili ya Mbeya, kisha ukapakia mchele Kyela na kupanda kuelekea Tukuyu, mchanganyiko mwembamba chini ya mzigo unaunguza valvu. Gari la safari hizo liachie jeti kuu ya kiwandani, na urekebishe ya sailensi peke yake.