Mtoto yuko JKT na dirisha la vyuo limefunguliwa: mzazi wa Mwanza ufanyeje

Wazazi wenye watoto wa fomu siksi, naandika haya mapema ili mwezi wa saba tusikimbizane. Mimi nina steshenari maeneo ya Buzuruga, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu tunajaza maombi ya vyuo na mkopo mpaka usiku, na wanaopata tabu kuliko wote ni wazazi waliokuja peke yao manake mtoto yuko kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), namba ya mtihani ya fomu foo ya mwanae haijui, cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa na RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na dirisha la maombi linafungwa keshokutwa. Mtoto mwenyewe unakuta kafaulu vizuri tu.

Angalia ratiba inavyokaa. Mtihani wa taifa wa fomu siksi unaanza mwezi wa tano mwanzoni, wakimaliza JKT inatoa majina ya wale wa mujibu wa sheria, yani wahitimu wa fomu siksi wanaotakiwa kisheria kwenda, wengine wanapangiwa Rwamkoma hapo Mara, wengine Msange Tabora, wengine mbali zaidi, na mafunzo ni miezi mitatu. Mwezi wa saba NECTA, baraza la mitihani, wanatoa matokeo, TCU, tume ya vyuo vikuu, wanafungua dirisha la kwanza la udahili, na Bodi ya Mikopo nao wanapokea maombi kipindi hichohicho. Yani mambo yote mazito yanakuja wakati mtoto anakimbia mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri na simu hana. Kwaiyo muda wako wewe mzazi ni zile wiki chache kati ya kumaliza mtihani na kuripoti kambini, usimwache akae tu anaangalia mpira, kaeni mezani mmalize makaratasi.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Bodi ya Mikopo hawapokei cheti ambacho RITA hawajakihakiki, na kuhakiki kunafanyika mtandaoni, unafungua akaunti kwenye mfumo wa RITA, unapandisha cheti kilichoskaniwa, unapewa kontro namba unalipa kwa simu, alafu unasubiri majibu. Hapo kwenye kusubiri ndo watu wanakwama, kwa sababu kipindi cha joto la maombi nchi nzima inahakiki kwa wakati mmoja. Ukifanya mwezi wa nne au wa tano hakuna foleni. Kama baba au mama alishafariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa hivyohivyo, usikiache nyumbani ukidhani barua ya mtendaji inatosha, haitoshi, na huyo mtoto anakosa kuhesabiwa kama yatima wakati ni haki yake.

Sasa majina, na hili kwetu Usukumani ni ugonjwa. Shule ya msingi mwalimu kaandika Mwandu, cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wakaandika Ngwandu bila ile alama ya juu, na ubatizo ukaleta jina lingine kabisa ambalo mtoto analitumia shuleni. Mfumo wa kompyuta haujui kama huyo ni mtu mmoja. Chukua cheti cha kuzaliwa, matokeo ya fomu foo na kitambulisho cha NIDA kama anacho, weka pamoja uvisome herufi kwa herufi. Tofauti ikiwepo nenda kwa wakili mapema akwambie kama kiapo kinatosha au inabidi hati kamili ya kubadili jina ambayo inasajiliwa, hiyo ya pili ina gharama na inachukua muda. Jina la kufuata ni lile lililoko kwenye vyeti vya NECTA, hilo ndo vyuo vyote vinalivuta kwenye mfumo.

Kitu kingine ni namba ya mtihani ya fomu foo, hiyo ndo kama kitambulisho cha mtoto kwenye chuo na kwenye mkopo pia. Mtoto aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja, hakikisha iliyotumika kuomba chuo ndo hiyohiyo imetumika kuomba mkopo, la sivyo Bodi wanamwona mtu ambaye hajadahiliwa popote na mkopo unapita pembeni. Iandike kwenye daftari pamoja na ya fomu siksi na mwaka wa kila mtihani, piga na picha uihifadhi kwenye simu.

Fomu ya mkopo yenyewe inajazwa mtandaoni, ada ya maombi ni shilingi 30,000, alafu inachapishwa na kuanza kuzungushwa kupata sahihi. Anasaini mwombaji, anasaini mdhamini, serikali ya mtaa wanagonga muhuri, na kamishna wa viapo ambaye anaweza kuwa wakili au hakimu naye anagonga wake. Ikishakamilika inaskaniwa na kupandishwa tena. Umeona shida ilipo? Sahihi ya mwombaji inatakiwa na mwombaji yuko Rwamkoma. Kama Bodi wamefungua dirisha kabla hajaondoka, jaza na asaini kabisa kabla hajapanda basi. Kama bado, mpange mapema fomu itamfikiaje, ulizia kambini utaratibu wao, na tafadhali usimsainie wewe, ile sahihi ni ya mkataba wa deni. Mdhamini awe mtu anayepatikana kirahisi, kuna mama alimweka mjomba ambaye yuko kisiwani Ukara anavua dagaa, kumpata tu asaini ilibidi mtu apande kivuko mpaka Ukerewe alafu atafute boti ya kuvuka, na mjomba mwenyewe kitambulisho alikuwa kakiacha Mwanza mjini kwa mke wake.

Kaya iliyoko TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, weka namba ya kaya. Mtoto mwenye ulemavu, kuna fomu inasainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyesoma shule ya binafsi kwa kufadhiliwa, tafuta barua ya mfadhili, manake Bodi wanapima uwezo wa familia na wakiona mtoto kasoma shule ya mamilioni watasema mzazi ana hela, hata kama ada ilikuwa inalipwa na parokia. Na ninyi mnaouza samaki mwaloni Kirumba msiandike mfanyabiashara mkaishia hapo, andikeni biashara gani, mtu wa meza ya dagaa na mwenye kiwanda cha minofu wote ni wafanyabiashara.

Kuna wazazi wanaogopa mkopo kabisa. Ni deni kweli, lakini ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kila mwaka ilishafutwa 2021, na aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hela ya chakula na malazi, hiyo wanayoiita bumu, inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa mtoto wa Igoma anayeenda kusoma Dodoma au Dar hiyo hela sio ya kuichezea.

Tuje kwenye kuchagua kozi, hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watoto wanaumia bila kujua. Pointi za NECTA na pointi za TCU ni vitu viwili tofauti. NECTA wanahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7, ukijumlisha masomo matatu ya tahasusi, yani mchepuo wake, ndogo ndo nzuri, 3 mpaka 9 divisheni wani, 10 mpaka 12 divisheni tuu. TCU wao wanageuza, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, hizo ndo zinaitwa principo, S sio principo. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni masomo mawili yaliyofaulu kwa principo yenye jumla ya pointi 4, alafu kila kozi ina masharti yake juu ya hapo.

Sasa chukua watoto wawili wa PCB, yani fizikia, kemia na baiolojia. Wa kwanza kapata C ya kemia, C ya baiolojia, S ya fizikia. Wa pili kapata D tatu. Kwa NECTA wote wana pointi 12, wote divisheni tuu, na kwa TCU zile C mbili zinaleta pointi 6 sawasawa na D tatu. Lakini udaktari unataka principo zote tatu, fizikia, kemia na baiolojia, angalau D kila moja na pointi zisipungue 6, kwaiyo mwenye D tatu anaruhusiwa kuomba pale chuo cha afya CUHAS Bugando na mwenye C mbili haruhusiwi kabisa, hata apige magoti. Kuruhusiwa kuomba sio kupata lakini, udaktari una ushindani na D tatu watakuwa mwisho wa foleni. Huyo mwenye S ya fizikia aelekezwe ualimu wa sayansi wa kemia na baiolojia na kozi nyingine zisizodai fizikia. TCU wanatoa kitabu cha mwongozo cha udahili kila mwaka kwenye tovuti yao, bure, kila chuo na kila kozi na masharti yake, pakua usome ukurasa wa kozi anayoitaka kabla hujalipa ada ya maombi popote.

Hapahapa Mwanza tuna vyuo vya kutosha na kusoma ukitokea nyumbani kunapunguza nusu ya stresi. SAUT iko Malimbe, CUHAS iko Bugando, na IFM, CBE na TIA wote wana kampasi hapa. Na nitasema hili hata kama wengine hawapendi, chuo cha uvuvi FETA pale Nyegezi watu wanakidharau sana wakati sisi tunaishi na ziwa, ufugaji wa samaki kwenye vizimba unakua, mtoto mwenye cheti au diploma ya pale ana kitu cha kufanya mkononi. Aliyekosa vigezo vya digrii lakini ana principo moja na S moja anaweza kuingia diploma kupitia vyuo vilivyosajiliwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, akimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba digrii.

Wakati wa kuomba tumia namba ya simu iliyo mikononi mwako na imeili ya mtoto ambayo nywila yake unaijua. Usikubali steshenari yoyote, hata yangu, ikuwekee imeili yao na simu yao. Mtoto akichaguliwa vyuo viwili au vitatu inabidi athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa meseji, meseji ikienda kwa kijana wa steshenari ambaye ameshahamia Geita, umekwisha. Na ukiona meseji ya mtu anakwambia anakuthibitishia nafasi ukimtumia hela, futa, malipo halali yote yanapita kwenye kontro namba.

Dirisha la kwanza likimkosa usianze kumtukana mtoto, kuna la pili, ila nafasi za kozi zinazogombaniwa zinakuwa zimejaa, kwaiyo angalia vyuo vilivyotangaza kwamba bado vina nafasi.

Wenye watoto wa fomu foo nao wasikilize kidogo. Matokeo yenu yanatoka mwezi wa kwanza, na baada ya hapo TAMISEMI wanafungua mfumo wa Selform mtoto abadilishe tahasusi kulingana na alivyofaulu. Toka 2024 tahasusi zimeongezwa mpaka 65, nyingine ngeni kabisa, kwaiyo kabla hajachagua mpya kisa marafiki wamechagua, fungua kilekile kitabu cha TCU uone inaingia kozi gani. Ada ya fomu faivu na siksi shule za serikali ilifutwa mwaka wa masomo 2022/23, ila godoro, sare, nauli na michango vipo, jipange.

Vyuo vinafungua mwezi wa kumi au wa kumi na moja na bumu haliingii siku ya kwanza. Weka akiba ya mwezi mzima wa chakula, kodi ya geto kama hakupata hosteli, na bima ya afya ya mwanafunzi ambayo NHIF wanatoza shilingi 50,400 kwa mwaka. Majina ya mkopo yanatoka kwa awamu, usikate tamaa awamu ya kwanza. Awamu zikiisha jina halipo au kapewa kidogo, Bodi wanafungua dirisha la rufaa mtandaoni, unaambatanisha vielelezo ambavyo mwanzo havikuwepo, cheti cha kifo kilichohakikiwa, barua ya mfadhili, fomu ya ulemavu. Ndo maana nasema vile vivuli vyote weka kwenye bahasha moja kubwa usivitupe mpaka awe mwaka wa pili.