Kubebesha mwembe kwa kufuata mstari wa kambiamu

Mtu akija kitaluni kujifunza kubebesha, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja juu ya mche wa mwingine, kwanza huulizia kisu na nailoni. Mimi humwanzisha na gome. Ukishaliona tabaka lililo chini ya gome, liitwalo kambiamu, na ukajua kazi yake, kila kinachofuata, tangu kuchagua kikonyo (kile kijiti kinachobebeshwa) mpaka kufungua nailoni, kinaeleweka chenyewe. Hapa nitaeleza mtindo wa kupasua na kuingiza kabari, tuseme kikonyo cha embe la aina ya Kent au Tommy Atkins juu ya mche wa embe la kienyeji.

Hatua ya 1: Lione tabaka lenyewe

Kata tawi bichi la mwembe, nene kama kidole gumba, wakati mti unatoa majani mapya. Zungushia kisu kwenye gome, chana mstari mmoja kwenda chini, kisha banduabandua kwa ncha. Gome litatoka zima, na chini yake utakuta mbao nyeupe inayoteleza ukiigusa. Utelezi huo ndio kambiamu: seli changa zenye kuta nyembamba mno, zilizochanika ulipobandua. Ukanda wote haufiki hata robo ya milimita.

Rudia jaribio hilo kiangazi kikali, mti ukiwa umepumzika. Gome litang'ang'ania na kutoka vipandevipande, kwa kuwa seli zimepunguza kugawanyika. Kwa michungwa, ambayo huku Tanga mara nyingi hubebeshwa jicho (chipukizi moja lenye kipande cha gome) juu ya mche wa limau, gome lisipobanduka hakuna kazi siku hiyo. Mwagilia, subiri machipukizi mapya.

Hatua ya 2: Jua linatoka wapi na linafanya nini

Mche ukiwa mchanga, mirija yake imekaa kwa mafungu yaliyojipanga duara ndani ya shina. Kila fungu lina zailemu upande wa ndani, inayopandisha maji na madini, na floemu upande wa nje, inayosafirisha sukari kutoka majanini. Kati ya hizo mbili hubaki mstari wa seli ambazo hazikukomaa; hiyo ndiyo kambiamu ya kwanza. Baadaye seli zilizo kati ya fungu na fungu nazo huanza kugawanyika, vipande vinaungana, na shina linapata duara kamili.

Tangu hapo, seli ya kambiamu ikigawanyika, moja hubaki kambiamu na nyingine hugeuka: iliyoelekea ndani huwa zailemu, iliyoelekea nje huwa floemu. Zailemu hutengenezwa nyingi zaidi, ndiyo maana shina la mwembe mkubwa karibu lote ni mbao. Mara mojamoja seli hugawanyika kwa ubavu, ili duara lipanuke kadiri mti unavyonenepa.

Mnazi na mgomba haina duara hili. Mafungu ya mirija yake yametawanyika, kwa hiyo hata uwe fundi kiasi gani, mnazi hubebeshi.

Hatua ya 3: Andaa kikonyo

Kambiamu huamshwa na auksini, homoni inayotengenezwa kwenye machipukizi na majani machanga, ikashuka kuelekea mizizini. Kwa hiyo chagua kikonyo ambacho ncha yake imevimba lakini haijafunguka. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata, ondoa majani yake kingali mtini, uache vishikizo vya majani tu. Kiwe na urefu wa sm 10 hadi 15, na unene ulingane na wa mche. Kifunge kwa kitambaa chenye unyevu, ukitumie siku ileile ukiweza. Usikigeuze juu chini, maana auksini ina njia moja.

Hatua ya 4: Kata

Mche uwe mnene kama penseli. Ukate kichwa kwenye sm 20 hivi kutoka udongoni, uache majani machache chini ya mkato, kwa sababu ndiyo yatakayolisha jeraha. Pasua katikati, sm 3 hadi 4 kwenda chini. Kikonyo kichonge pande mbili kiwe kabari ya urefu huohuo, kila upande kwa mkato mmoja. Ukikwangua mara tatu nne, uso unapata mabonde, na kila bonde ni mahali ambapo kambiamu mbili hazitagusana. Futa kisu kwa spiriti kila umalizapo mche; utomvu wa mwembe hugandia kwenye makali.

Hatua ya 5: Kutanisha mistari

Hapa usiharakishe macho, harakisha mikono, maana seli zilizo wazi hukauka upesi. Tazama uso uliokatwa wa mche: nje kuna gome, kisha mstari mwembamba unaong'aa kwa unyevu, kisha mbao nyeupe. Kikonyo nacho kina mstari wake. Wengi hulinganisha magome kwa nje mpaka kidole kikipita hakihisi mshono, na hapo ndipo wanapokosea. Mara nyingi gome la mche ni nene kuliko la kikonyo. Ukisawazisha nje, kambiamu ya kikonyo inaangukia kwenye gome la mche, na hizo mbili hazitaonana. Kiingize kikonyo ndani kidogo. Kidole kihisi ukingo.

Kikonyo kikiwa chembamba kuliko mche, usikiweke katikati. Kisogeze pembeni, mistari ikutane upande mmoja kutoka juu mpaka mwisho wa kabari. Upande mmoja uliokutana sawasawa unatosha kukiunganisha.

Hatua ya 6: Funga na usubiri

Funga utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu, ukikaza. Funika kikonyo kwa kifuko chembamba ili unyevu usitoke, uweke mche kivulini.

Ndani ya siku chache, seli hai za pande zote mbili huanza kugawanyika na kutengeneza tishu laini iitwayo kalasi, inayojaza mwanya. Baada ya hapo seli za kalasi zilizo kati ya mistari miwili hugeuka kuwa kambiamu, na kambiamu hiyo inatoa zailemu na floemu mpya. Mirija uliyoikata haiungani tena. Maji hupita kwenye hii mipya. Ndiyo maana kikonyo huweza kubaki kijani wiki mbili kisha kikafa: kilikuwa kinaishi kwa akiba yake. Usikifungue kukikagua.

Ncha ikichipua majani, toa kifuko. Yanayochipua chini ya kiungo yang'oe yote.

Hatua ya 7: Fungua nailoni kwa wakati

Kambiamu ikishaungana inanenepesha shina, na nailoni haitanuki nalo. Ukichelewa, itazama kwenye gome na kuibana floemu, uone uvimbe juu ya kifungo kwa sukari iliyokwama. Fungua majani ya awamu ya pili yakishakomaa, mara nyingi miezi 2 hadi 3 tangu kubebesha. Ichane kwa wembe, kwa wima, bila kugusa gome. Penye upepo, chomeka kijiti uufungie mche, kwa kuwa mbao ya kwenye kiungo bado ni changa.