Kugeuza faili za MTS za kamera ya video zichezeke kwenye Linux

Wapendwa, wengi hapa Goma mnaniletea kilio kimoja: kadi imejaa harusi, kompyuta ina Ubuntu (aina ya Linux), ukibofya video picha inakwama au sauti haitoki. Faili si mbovu. Ni AVCHD, mtindo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006: picha imebanwa kwa H.264, sauti kwa AC-3, vyote vikafungwa ndani ya MTS. Mara nyingi huna haja ya kuvipika upya, yaani kubana picha na sauti upya. Unavitoa gunia moja, MTS, na kuvitia jingine, MKV.

1. Nakili kadi nzima. Video zenyewe zimo PRIVATE/AVCHD/BDMV/STREAM, lakini chukua folda yote ya PRIVATE, na kila harusi ipate folda yake yenye tarehe. Hapa nawasihi sana. Kamera nyingi, ukishafuta kadi, huanza tena kuhesabu kutoka 00000.MTS. Nilinakili kadi ya pili juu ya ile ya kwanza. Kompyuta ikaniuliza kama ibadilishe, nami nikakubali mbiombio kwa kuhofia umeme kukatika. Bibi arusi akishuka garini, nyanya yake akimtandikia kitenge chini: hiyo ilikuwa 00003.MTS. Familia ile sina cha kuirudishia.

2. Weka programu: ffmpeg ya kugeuza, VLC ya kutazama. Amri zote hapa ziandike kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri).
`sudo apt install ffmpeg vlc`
Kama unataka kutazama tu, fungua kwa VLC, kazi imekwisha.

3. Hamisha bila kupika. Ndani ya folda ya STREAM:
`ffmpeg -i 00001.MTS -c copy ndoa.mkv`
Ni dakika chache tu, na ubora haupungui hata chembe.

4. Ondoa mistari, ikiwa ipo. Simamisha picha mtu anapocheza. Ukiona ukingo wa mkono una meno kama kitana, kamera ilirekodi 1080i: kila picha ni nusu mbili zilizochukuliwa kwa nyakati mbili tofauti. Hapo lazima upike:
`ffmpeg -i 00001.MTS -vf yadif -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy ndoa.mkv`
Namba ya crf ikishuka, ubora unapanda na faili inanenepa. Kazi hii huchukua saa nyingi kwenye kompyuta ya zamani, ndiyo maana natoa mkv: MP4 huandika faharasa yake mwishoni, umeme ukikatika kabla ya hapo haifunguki. MKV iliyokatika bado utaitazama hadi pale ilipofikia.

Maswali ya wanachama

*Fundi, ibada imegawanyika 00004 na 00005. Nikiziunganisha, neno la padri linakatika katikati.*
Kadi iliyopangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, kwa hiyo kamera hukata. Ziunganishe zikiwa bado MTS, kabla ya hatua ya tatu:
`cat 00004.MTS 00005.MTS > ibada.MTS`

*Mimi ni mama wa Himbi. Nilimtumia binti yangu mkv, simu yake inaonyesha picha bila sauti.*
Pole, mama. Simu nyingi hazisomi AC-3. Geuza sauti peke yake, picha usiiguse:
`ffmpeg -i ndoa.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k ndoa.mp4`

*Yaya, nina faili za MOD kutoka kamera ya marehemu baba. Zinacheza, ila watu wote wamekuwa wembamba.*
Ndani ya MOD mna MPEG-2, na alama ya upana mara nyingi haimo kwenye video; kamera huiweka kwenye faili ya pembeni iitwayo MOI. Iambie mwenyewe:
`ffmpeg -i MOV001.MOD -c copy -aspect 16:9 baba.mkv`
Jaribu moja kwanza, umtazame uso. Akirudi kuwa vile unavyomkumbuka, endelea na zilizobaki, na zile MOD usizifute.